Friji Lililosingiziwa

Fundi Baridi alipata jina lake kwa njia ya kawaida: alitengeneza mafriji. Kisichokuwa cha kawaida ni kwamba mafriji aliyoyapenda zaidi ni yale yaliyokwisha kukata roho. Aliyang'oa kompresa, akaziba matundu, akatandaza waya wa joto chini, akafunga themostati ya kudhibiti joto ubavuni na feni ndogo ya kompyuta kwa juu, na kitu kilichotoka kiwandani ili kigandishe samaki kikaanza maisha ya pili ya kutotolesha mayai ya nyoka. Walioliona friji hilo walimwuliza kama haoni kinyaa. Aliwajibu kwamba nyoka ana faida moja kubwa kuliko wateja wengine: hapigi simu kulalamika kwamba barafu haigandi.

Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, nacho alikigawana na mkewe, aliyekuwa mshonaji. Mpaka wao ulikuwa kamba ya viatu iliyogongomewa sakafuni. Upande huu mabomba ya shaba, mitungi ya gesi na harufu ya kuchomelea. Upande ule vitambaa, cherehani na dirisha, kwa sababu mkewe ndiye aliyefika kwanza kwenye mazungumzo ya dirisha. Waliishi miaka mingi kwa mkataba huo bila vita, ukiacha doa moja la mafuta kwenye gauni la bibi harusi, doa ambalo liliendelea kuzungumzwa hadi bibi harusi mwenyewe alipopata wajukuu.

Mayai yaliletwa na shemeji yake, kaka wa mkewe. Shemeji huyu aliuza rangi za kupaka nyumba kabla hajahamia rangi za nyoka, na kwa kuwa mtaa haupotezi jina zuri, aliendelea kuitwa Bwana Rangi. Alifuga chatu wadogo, wale wanaojikunja kama mpira wakiogopa, na kuwauzia watu wanaopenda kuwa na nyoka sebuleni. Porini chatu huyo ni wa kahawia mwenye mabaka meusi, na hajawahi kusikika akilalamika. Wanunuzi ndio walioona haitoshi. Walitaka mweupe, walitaka wa rangi ya malai, walitaka wa madoa yasiyokuwepo popote duniani ila kwenye sanduku la jirani yao. Bwana Rangi alikuwa amepata dume mmoja ambaye wenzake walimtolea macho: mgongo wa rangi ya asali, umechorwa mistari myembamba myeusi iliyopitana kila upande. Alimwita Utando. Watoto wa Utando, karibu nusu yao, walizaliwa na michoro ya baba. Waliobaki walitoka wa kahawia kama mama zao.

Kazi ilipangwa vizuri, na aliyeipanga ni Bwana Rangi. Nyoka wakubwa walikaa kwake. Mayai yakitagwa, aliyaleta kwa shemeji yake ndani ya boksi lenye unyevu kidogo, yakalala kwenye friji hadi wakati wa kuanguliwa. Sharti lilikuwa moja tu: pua ya kwanza ikitokeza kwenye ganda, apigiwe simu. Alikuja mbio, akapekua mayai, akawachomoa wenye michoro hata kabla hawajajinyoosha, akawatia kwenye vifuko vya kitambaa alivyoshonewa na dada yake, mdomo akaufunga fundo, akaondoka nao. Wa kahawia alimwachia Baridi. Hao ndio waliokuwa ujira wake. Baridi aliwalea, wakala, wakanenepa, akawauza kwa watu wasiojali rangi, na hakuna hata mmoja aliyerudishwa.

"Wenye rangi wanataka mkono mwepesi, Shemeji," Bwana Rangi alimweleza. "Wewe mkono wako ni wa spana."

Baridi alicheka. Mkono wake ulikuwa kweli wa spana, na mtu akikutania kwa jambo la kweli unaona anakupenda.

Kwa Bwana Rangi alikwenda mara chache, na siku zote kwa kazi. Yeye ndiye aliyefunga kiyoyozi katika chumba cha nyoka, na alipouliza chumba cha chatu kina haja gani na kiyoyozi, alijibiwa kwamba mteja anayetoka jasho hanunui. Likamwingia akilini. Nyoka aliowaona humo, akina Utando na wenzake, walikuwa wametulia kwenye masanduku yao ya kioo kama vitambaa vilivyokunjwa dukani. Alijivunia kiyoyozi chake, akaenda zake.

Basi baada ya mayai ya kwanza ya Utando, Bwana Rangi alikuja na uso wa msiba. Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, upande wa shaba wa ile kamba, akavuta pumzi. Watoto, alisema, wana kasoro. Vichwa vinatetemeka. Wanageuza shingo hadi kidevu kinaangalia dari, wanakwenda mviringo kama mtu aliyepoteza funguo, na wakitaka kumkamata panya wanalenga mahali panya alipokuwa juzi. Amesoma, ameuliza, na jibu ni hilo: mishipa ya fahamu. Na mishipa ya fahamu huharibika yai likipata joto lisilotulia mtoto anapoumbika.

"Mimi sikulaumu wewe, Shemeji," alisema kwa upole. "Nalaumu friji."

Kumwambia fundi maneno hayo ni sawa na kumwambia mpishi kwamba humlaumu yeye, unalaumu ulimi wake.  Baridi alikwenda kulifungua friji, akalitazama ndani kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi aliona kitu alichokitengeneza mwenyewe kikimtazama kama kinajua jambo.

Alifanya ambavyo fundi yeyote angefanya. Alibadilisha themostati. Mayai yaliyofuata, vichwa vikapinda. Alibadilisha waya wa joto, akaongeza betri ya gari ili umeme ukikatika joto lisishuke, vichwa vikapinda. Aliweka kipimajoto cha pili kukipeleleza cha kwanza, na cha tatu kuvipeleleza hivyo viwili, na cha nne kwa sababu mtu akishaanza kutokiamini hata kipimajoto hakuna mahali pa kusimamia. Vyote vinne vilisema jambo moja, na jambo lenyewe lilikuwa kwamba friji ni zima. Lakini Bwana Rangi alikuja kila mara na uso wake, akakaa kwenye ndoo yake, na kusema wamepinda tena. Baridi aliona afadhali vipimajoto viwe waongo kuliko shemeji yake.

Aliwahi kuuliza swali moja zuri. Aliuliza inakuwaje wale wa kahawia, waliolala katika friji hilo hilo, boksi hilo hilo, wakati mwingine ganda limegusana na ganda, wako sawasawa. Bwana Rangi hakukosa jibu.

"Wale wagumu, kama mimi na wewe," alisema. "Wenye rangi ni watoto wa watu. Rasharasha tu wanalazwa."

Jibu hilo lilichekesha, na swali likafia hapo. Ndiyo hasara ya kuwa na shemeji mcheshi.

Watu wa mtaani hawakujua lolote kuhusu mishipa ya fahamu ya nyoka. Walichokiona ni fundi wao kupungua. Alikuwa mtu wa kuweka kiganja juu ya friji, akasikiliza mngurumo wake huku amefumba macho, akasema ugonjwa ni huu, na ukawa huo. Sasa alipima, akapima tena, akarudi nyumbani, akarudi kwa mteja kupima mara nyingine. Mteja alimwambia friji limepona tangu jana. Yeye alijibu kwamba anataka kuhakikisha. Kuna wagonjwa wanaomtoroka daktari wa namna hiyo, na mafriji, kama yangekuwa na miguu, yangefanya vivyo hivyo.

Kilichomgharimu zaidi ni kliniki. Nesi mkuu wa kliniki ya mtaa alikuja mwenyewe hadi karakana, akavuka kamba ya viatu bila kuomba ruhusa, akamweleza kwamba wanatafuta fundi wa kudumu wa friji la chanjo. Ni friji ambalo halitakiwi kupanda wala kushuka, maana dawa ikiharibika haibadiliki sura. Mtoto anachomwa sindano, mama anarudi nyumbani ametulia, na kumbe mwanawe amechomwa maji. Kwa hiyo hataki fundi wa kuokota. Anamtaka Baridi. Kwa mtu wa kazi yake hiyo ndiyo ilikuwa siku ambayo wengine huisubiri hadi wanazeeka.

Baridi alijifuta mikono muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo. Akasema hapana.

"Friji la kwangu nyumbani ulilitengeneza mwanangu akiwa anatambaa," nesi mkuu alisema. "Sasa ana ndevu. Halijawahi hata kukohoa. Unaniambia hapana ipi?"

"Siku hizi joto halinikai mkononi, mama. Tafuta mwingine."

Nesi mkuu alimtazama vile anavyowatazama wanaokataa dawa, akaondoka. Upande wa pili wa kamba cherehani ilikuwa imenyamaza. Baridi alimgeukia mkewe, akitarajia aulizwe amerogwa au vipi. Mkewe aliinamisha kichwa, akakanyaga pedali ya cherehani, ikaendelea. Alikuwa akishona vifuko vya kitambaa.

Maonyesho ya wafugaji yalifanyika katika ukumbi wa mikutano, si mbali na karakana. Kulikuwa na samaki wa mapambo, ndege wa vizimba, kobe mmoja aliyeletwa na mtu asiyemwuza, na safu nzima ya meza za nyoka. Bwana Rangi alipewa meza ya katikati, chini kabisa ya kiyoyozi, na inasemekana aliipigania. Baridi hakualikwa. Aliitwa, jambo ambalo ni tofauti: kiyoyozi kilizimika muda mfupi baada ya milango kufunguliwa, na mlinzi wa ukumbi alikuwa na namba ya fundi mmoja tu.

Alifika na ngazi begani na sanduku la vyombo mkononi. Bwana Rangi alimpokea mlangoni kabla ya mlinzi.

"Shemeji, Mungu amekuleta. Fanya haraka, humu ndani kutakuwa tanuri."

"Watu watavumilia."

"Watu nani? Nyoka."

Baridi alianza kupanda ngazi, na ni kwenye ngazi lile neno, nyoka, lilipomgeukia. Alifungua kifuniko cha mashine, akaona tatizo hata bila mita: kapasita, kile kikopo cha kuianzisha mota, imevimba kama shavu lenye jino bovu. Kazi ndogo. Ya akiba ilikuwa kwenye sanduku chini. Lakini hakushuka mara moja. Alibaki pale juu, bisibisi mdomoni, akiwaza kwa ule mwendo wake mpya wa kupima mara nyingi. Chatu ni mnyama wa joto. Aliyemfundisha hivyo ni Bwana Rangi, miaka ile ya kwanza, kwa maneno mengi na mikono. Joto la ukumbi kwa wakati huo lilikuwa bado halijafika joto la friji lake. Sasa mfugaji wa chatu anayeililia baridi ni kama muuza samaki anayeomba mto ukauke.

Alitazama chini.

Kutoka juu ya ngazi meza zote zilionekana kama ramani. Joto lilikuwa linapanda taratibu, na nyoka waliokuwa wamekunjwa vizuri tangu asubuhi walianza kuamka. Wa kahawia waliinua vichwa, wakatoa ndimi, wakatazama watu. Weupe vivyo hivyo. Kisha katika sanduku la mbele la Bwana Rangi, mtoto mmoja mwenye michoro ya utando aliinua kichwa, na kichwa hakikusimama. Kilitikisika kidogo, kama cha mzee anayekataa kitu kwa adabu. Shingo ikajipinda, kidevu kikaelekea dari, na kwa muda yule nyoka mdogo alimtazama fundi aliyemtotolesha uso kwa uso, kichwa chini juu. Wa pili akaanza. Wa tatu akajizungusha hadi akalala chali, akashindwa kukumbuka chini ni wapi.

Baridi hakuwahi kuwaona wakiwa wameamka. Miaka yote hiyo alikuwa amewaona kwa masikio tu. Kitu cha kwanza alichokihisi kilikuwa ile aibu yake ya siku zote, friji langu limefanya haya, na pengine angebaki nayo hadi kaburini kama jicho lake halikuteleza hadi meza ya mwisho ya safu.

Meza ile ilikuwa ya mwanamke ambaye wafugaji walimwita Dada Miwani. Naye alikuwa na sanduku moja lenye nyoka wa asali na mistari myeusi. Nao vichwa vyao vilikuwa vinaangalia dari.

Alishuka. Hakwenda kwenye sanduku la vyombo. Alikwenda kwenye meza ya mwisho, akamwuliza Dada Miwani, kwa heshima zote, wale aliwatotolesha wapi. Dada Miwani alisema kwenye mashine yake, ya kiwandani, aliyoiagiza kutoka nje, na akaanza kuisifia. Baridi aliuliza kama joto lake huwa linayumba. Akaambiwa haliyumbi hata chembe. Basi mbona vichwa vinapinda, aliuliza.

Dada Miwani aliinua miwani kwenye paji la uso, ili amwone vizuri.

"Kaka, ile rangi ndivyo inavyokuja. Ukiitaka michoro, kichwa hicho ni chake, huwezi kuvitenganisha. Baba yao hivyo, babu yao hivyo. Hakuna asiyejua humu." Akamtazama kuanzia ovaroli hadi viatu, na kitu kikaonekana kumjia. "Ngoja. Wewe ndiye yule shemeji mwenye friji?"

Baridi alikubali kwamba ndiye.

"Kumbe lile friji lipo," alisema Dada Miwani. "Sisi tulidhani ni la kutunga."

Alimweleza bila ubaya wowote, kama mtu anayemsimulia mwenzake kichekesho ambacho hakumkuta. Mteja akirudisha nyoka wa kupinda, kila mfugaji ana lake la kusema. Mmoja husema amelishwa vibaya. Mwingine husema ni woga tu, atazoea. Bwana Rangi husema kuna shemeji yake mmoja, fundi fundi hivi, ana friji bovu. Amemvumilia kwa sababu ya undugu. Wateja humwonea huruma. Wengine huchukua nyoka wa pili.

Baridi alishukuru, maana ndivyo alivyolelewa. Akachukua kapasita ya akiba kwenye sanduku, akaitia mfukoni, akapanda ngazi hadi juu. Hapo akaketi.

Bwana Rangi alikuja chini ya ngazi. Paji la uso lilikuwa limelowa. Nyuma yake wateja walikuwa wameanza kujikusanya mbele ya masanduku, na mama mmoja alikuwa anauliza kwa sauti kama huyu anaumwa au anafanya mazoezi.

"Vipi, Shemeji?"

"Kifaa hakipo," alisema Baridi.

Ulikuwa uongo wake wa kwanza katika kazi, na aliushangaa jinsi ulivyotoka laini. Kapasita ilikuwa inambonyeza pajani. Alikaa nayo, akaliacha joto lifanye kazi yake, akawatazama watu wakiona alichokiona. Bwana Rangi alirudi mezani, akafunika sanduku la kwanza kwa kitambaa, kisha la pili, akaishiwa vitambaa. Akaanza kueleza. Baridi hakusikia maneno, ila aliuona mkono ukielekea ngazi, ukimwonyesha, na nyuso za wateja zikiinuka kumtazama kwa huruma ya aina ile ambayo mtu humwekea jamaa anayeharibu vitu bila kukusudia. Alikuwa anashtakiwa hata sasa, akiwa amekaa juu ya kichwa cha mshtaki.

Angeweza kukaa pale hadi jioni. Kilichomshusha, au tuseme kilichomwinua, ni yule nyoka wa tatu. Alikuwa bado chali. Alijipindua, akafika nusu, akaanguka upande ule ule, akajipindua tena, na kila mara alifungua kinywa kidogo kana kwamba anataka kuomba radhi. Baridi aligundua kwamba adhabu anayoigawa inampata asiyehusika. Alitoa kapasita mfukoni, akaifunga, akarudisha kifuniko, akawasha. Hewa baridi ikashuka juu ya meza. Baada ya muda vichwa vikaanza kulegea, kimoja kimoja, na watoto wa Utando wakakunjwa tena na baridi kama bidhaa.

"Mmeona?" Bwana Rangi aliwaambia wateja. "Ni hali ya hewa tu. Ahsante, Shemeji."

Baridi alishuka ngazi yote kabla ya kujibu.

"Wametoka kwenye friji langu," aliwaambia wale wateja, bila kupaza sauti. "Na friji langu ni zima."

Hakuna aliyejua afanye nini na habari hiyo. Mama aliyeuliza kuhusu mazoezi alirudisha pochi yake kwenye mkoba. Ndiyo ilikuwa faida yote iliyopatikana ukumbini siku hiyo.

Walikutana nje, nyuma ya ukumbi, Baridi akifunga ngazi kwenye baiskeli. Bwana Rangi alikuja bila uso wa msiba, bila uso wowote hasa. Baridi alimwuliza alijua tangu lini.

"Tangu siku niliyomnunua Utando. Aliyeniuzia aliniambia."

"Na mimi hukuniambia."

"Ningekwambia ungeacha."

"Ningeacha."

"Ndiyo maana," alisema Bwana Rangi. Alisema kama mtu aliyeulizwa njia akaelekeza. Kisha akaongeza, kwa nia ya kufariji, kwamba yeye kila siku alisema ni friji, hajawahi kusema ni Baridi. Hata mtu akimwuliza leo anaweza kuapa.

Baridi alikaza kamba. Lilikuwa limebaki swali moja, na aliliuliza akiwa ameipa kamba macho.

"Dada yako anajua?"

Bwana Rangi aliangalia ukuta wa ukumbi, uliohitaji rangi.

"Muulize mwenyewe," alisema.

Hilo nalo ni jibu. Baridi alisukuma baiskeli hadi nyumbani, hakuipanda.

Mkewe alikuwa dirishani, amepitisha uzi kwenye sindano, na alipomwona mumewe amesimama upande wa vitambaa akiwa na viatu vyake vya mafuta, aliondoa mguu kwenye cherehani. Hakumkumbusha viatu. Hapo ndipo Baridi alipojua, kabla ya kuuliza. Lakini aliuliza, kwa sababu fundi hatoi jibu kwa kusikiliza mngurumo tu, siku hizi.

Mkewe alijua. Kaka yake alimwambia baada ya mayai ya kwanza, jikoni kwake, huku akicheka. Alimtaka asiseme, akasema ni kwa muda tu, hadi apate jina. Yeye hakusema. Alimwona mumewe akibadilisha waya. Alimwona akiweka vipimajoto. Alimsikia akimkatalia nesi mkuu.

"Ulikuwa umekaa hapo," alisema Baridi. "Hapo hapo."

"Nilikuwa hapa."

"Na ukashona."

Mkewe alitazama mikono yake. "Ni kaka yangu, baba," alisema. "Nikajiambia anasingiziwa friji. Si wewe. Nikajiambia friji haliumii."

Kilikuwa kitu cha kijinga kukisema, na wote wawili walikisikia kilivyo. Baridi alirudi upande wake wa kamba. Hawakugombana, mtu aliyepita dirishani angeona nyumba ya kawaida, mshonaji na fundi, kila mmoja na kazi yake. Lakini chakula kilipakuliwa na kupoa, na jambo hilo katika nyumba ya Baridi lilikuwa halijatokea.

Ndani ya friji kulikuwa na mayai. Bwana Rangi alipiga simu mara kadhaa kuulizia, kwa sauti kana kwamba hakuna kilichotokea, na Baridi alimjibu kila mara kwamba bado. Pua ya kwanza ilipotokeza, mchana mmoja mkewe akiwa anapiga pasi, hakumpigia mtu. Aliegemeza mlango wa friji kwenye ndoo iliyogeuzwa, akakaa chini mbele yake. Baadaye alisikia pasi ikisimamishwa. Mkewe alikuja hadi kwenye kamba, akasimama pale pale, vidole vya miguu kwenye mpaka. Baridi hakumkaribisha. Hakumfukuza pia.

Walitoka polepole, kila mmoja kwa wakati wake, ganda likipasuka kama bahasha yenye maji. Wa kahawia alijinyoosha na kutazama dunia akiwa amenyooka. Aliyelala ubavuni mwake, ganda limegusana na ganda, alitoka na mgongo wa asali na mistari mizuri mno, kweli mizuri, hata Baridi alilikiri hilo. Akainua kichwa, na kichwa kikaanza kukataa kwa adabu. Kisha wa kahawia mwingine, sawa. Kisha wa michoro, dari. Joto moja, hewa moja, boksi moja. Baridi alisoma vipimajoto vyote vinne, na kama kawaida vilisema jambo moja, ila leo aliviamini.

"Utawafanya nini wale?" mkewe aliuliza kutoka kwenye kamba.

"Watakaa. Nitawashikia panya mbele ya mdomo. Hawatauzwa."

"Na kaka akija?"

"Dume ni wake. Friji ni langu."

Mkewe alirudi kwenye pasi. Vifuko vya kitambaa vilivyokuwa vimekunjwa kwenye rafu alivichukua, akavifumua mshono kimoja kimoja, akaviweka kwenye kapu la viraka. Baridi aliona. Haikujulikana kwa kiasi gani hilo lingesaidia.

Asubuhi iliyofuata alifungua friji, akachomoa vipimajoto vitatu. Alikiacha kimoja, kile cha kwanza kabisa, ambacho hakikuwahi kukosea hata siku moja. Vitatu alivifuta, akaviweka kwenye sanduku la vyombo, akalifunga sanduku kwenye baiskeli na kuelekea kliniki. Kazi ya kudumu ilikwisha kupewa mtu mwingine, hilo alilijua. Alitaka tu aombe ruhusa kwa nesi mkuu, aweke kiganja juu ya friji la chanjo, afumbe macho, asikilize.